Jembe au nyumba: Bibi Titi alipowarudia wapigakura wa Rufiji

Mwezi Septemba 1965 wananchi wa Tanzania Bara waliingia katika vyumba vya kupigia kura wakakabidhiwa karatasi yenye alama mbili, jembe na nyumba. Kila alama ilimsimamia mtu mmoja, na watu hao wawili walikuwa wa chama kimoja, TANU. Katika jimbo la Rufiji mmoja wa wawili hao alikuwa mwanamke ambaye jina lake lilikuwa limeenea nchini kuliko majina ya mawaziri wengi. Huyo ni Bibi Titi Mohamed. Alikuwa mbunge wa jimbo hilo, waziri mdogo katika serikali ya Mwalimu Nyerere, kiongozi mkuu wa Umoja wa Wanawake, na miongoni mwa watu waliozunguka Tanganyika nzima kuwaambia Waafrika kwamba uhuru unawezekana. Alikuwa amewarudia wapigakura wake kuwaomba wamrejeshe bungeni. Hawakumrejesha.

Tumeona ni vema kulikumbuka tukio hilo katika kurasa hizi za familia. Hatulikumbuki kwa ajili ya kumlilia marehemu, wala kuwalaumu wazee wa Rufiji waliopiga kura siku ile. Tunalikumbuka kwa sababu kila baada ya miaka mitano familia zetu hukaa barazani na sebuleni zikaulizana swali lile lile walilojiuliza watu wa Rufiji: huyu anayeomba kurudi ni nani, ametoka wapi, na mambo ya hapa kwetu anayaweka wapi?

Binti wa Dar es Salaam

Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, katika nyumba ya Kiislamu. Baba yake hakupenda binti yake aende shule ya serikali, kwani alichelea kwamba shule hizo zingemtoa katika dini yake. Hofu hiyo waliijua wazazi wengi wa Pwani wa zama zile, na hatuwezi kuwacheka; shule nyingi za wakati huo zilikuwa mikononi mwa wamisionari, na mtoto wa Kiislamu aliyepelekwa huko hakuwa na hakika ya kurudi na jina lake. Baba alipofariki dunia, mama ndiye aliyekata shauri la kumpeleka binti shuleni. Alisoma kwa miaka michache tu. Hakupata elimu ya juu, wala hakupita katika ofisi za wakoloni.

Alichokuwa nacho ni sauti. Katika mji wa Dar es Salaam wa wakati huo wanawake walikuwa na vikundi vyao vya ngoma, vyenye viongozi, hazina, sare na nidhamu. Titi alikuwa mwimbaji kiongozi katika kundi lake. Huko ndiko alikojifunza kusimama mbele za watu bila kutetereka na kuwaita wenzake wakaitika. Watu wa ofisini walidhani ngoma ni mchezo wa kupotezea jioni, kumbe palikuwa na jumuiya iliyokwisha kujipanga, ikingoja wa kuipa kazi.

Kazi hiyo ilikuja mwaka 1955. TANU ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. John Hatch, mjumbe wa chama cha Labour cha Uingereza, alifika Dar es Salaam, akawauliza viongozi wa TANU kuhusu wanawake katika chama chao. Ndipo lilipotajwa jina la Titi. Mumewe, Boi Selemani, alikuwa mwanachama wa mwanzo, na Titi mwenyewe alikuwa na kadi nambari 16. Alikubali kuliongoza tawi la wanawake, akaanza na watu aliowajua: wanawake wa vikundi vya ngoma, wapika maandazi na vitumbua, wauza pombe, mama wa nyumbani. Alikwenda nyumba kwa nyumba. Kufikia Oktoba mwaka ule ule, wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamekata kadi za TANU.

Tunaomba msomaji aitafakari hesabu hiyo. Wanaume wengi wenye ajira serikalini walikuwa wamekatazwa kujiunga na siasa, na walioitamani TANU walihofia kupoteza kazi. Wanawake wa mitaani hawakuwa na kazi ya serikali ya kupoteza. Wao ndio waliojaza viwanja katika mikutano, wakachangisha, wakaficha kadi za waume zao na kuwapa hifadhi wasemaji wa chama. Kutoka hapo Titi alipanda magari na kwenda mikoani, akasimama kwenye majukwaa pamoja na Nyerere. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, watu wengi wa vijijini walikuwa wamewasikia wawili hao kwa masikio yao.

Kwa hiyo mtu aliyefika Rufiji mwaka 1965 kuomba kura hakuwa mgeni katika utumishi. Asili yake ilikuwa safi, na historia yake ilikuwa historia ya nchi.

Mizani mpya

Ili tuelewe yaliyompata, hatuna budi kuuelewa uchaguzi wenyewe. Katika uchaguzi wa 1960, ule uliotangulia uhuru, viti vilikuwa 71. TANU ilipata 70. Lakini katika viti 58 hapakuwa na mpinzani yeyote, na hivyo mgombea alipita bila kura hata moja kupigwa. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya wananchi waliingia katika uhuru wakiwa na wabunge ambao hawakuwahi kuwachagua kwa mikono yao.

Mwaka 1965 nchi ilikuwa imeingia rasmi katika mfumo wa chama kimoja, na swali likawa gumu: ikiwa chama ni kimoja, mwananchi atachagua nini? Jibu lilikuwa kwamba atachagua mtu. Mkutano wa TANU wa wilaya uliwapima walioomba, kisha Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua wawili kwa kila jimbo. Wawili hao walizungushwa pamoja chini ya usimamizi wa chama, wakapanda jukwaa moja, wakapewa nafasi sawa ya kusema na kuulizwa maswali. Ilikatazwa kuomba kura kwa kabila, kwa rangi au kwa dini. Kila mmoja alipewa alama, jembe au nyumba, ili asiyejua kusoma naye apige kura yake bila kushikwa mkono.

Utaratibu huo ulimvua mgombea nguo zote za kujifichia. Hakuweza kusema mwenzake ni adui wa uhuru, kwani wote ni TANU. Hakuweza kuahidi sera tofauti, kwani sera ni moja. Hakuweza kujivunia ukabila wala dini. Kilichobaki ni mambo mawili: mtu mwenyewe na jimbo lake. Ndiyo maana, katika majimbo mengi, mikutano ya kampeni iligeuka kuwa mabaraza ya kuhoji. Barabara yetu iko wapi? Zahanati mliyotuahidi imefika wapi? Mara ya mwisho tulikuona lini?

Majibu yakawaangusha wakubwa. Paul Bomani, Waziri wa Fedha na mwanzilishi mashuhuri wa vyama vya ushirika vya pamba kule Kanda ya Ziwa, alishindwa Mwanza. Wakati huo huo Amir Jamal, mwenye asili ya Kiasia, alichaguliwa Morogoro kwa kura nyingi mno, na Derek Bryceson, Mzungu, akachaguliwa Dar es Salaam. Wapigakura hao, ambao wengi wao hawakujua kusoma, waliupuuza ukubwa wa cheo kama walivyoipuuza rangi ya ngozi.

Rufiji ilikuwa na haja zake

Sasa turudi kwenye jimbo. Mtu asiyeijua Rufiji hawezi kuelewa mzigo wa mbunge wake. Mto ndio mama wa watu wa huko, na ndio unaowatia majonzi. Mkulima wa bondeni hupanda mpunga mvua zinapoanza, akiomba mafuriko yasije mapema yakaumeza ungali mchanga, wala yasichelewe mpunga ukakauka. Maji yakipungua, hupanda tena katika tope lililobaki, kilimo wanachokiita mlau. Hulala katika dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti mirefu, akilinda shamba dhidi ya ndege, nguruwe na viboko. Mto huo huo una mamba wanaowanyakua watu wakiteka maji. Mafuriko makubwa yakija, mwaka mzima wa jasho huenda na maji, na njaa huingia.

Kisha kuna kuvuka. Mto Rufiji unaikata wilaya vipande viwili. Utete, makao makuu ya wilaya, iko ng'ambo ya kusini, na mtu aliyetoka Dar es Salaam kwa barabara alilazimika kufika mtoni akangoje kivuko. Barabara yenyewe ilikuwa ya udongo, na wakati wa masika magari yalinasa. Mgonjwa, mjamzito, mwalimu, mzigo wa mpunga, wote waliungoja mto uwape ruhusa. Upande wa mashariki, katika delta yenye mikoko, watu walitegemea mitumbwi na majahazi, na serikali kwao ilikuwa kitu cha kusikika tu.

Hapo ongeza shule. Pwani ilikuwa na Waislamu wengi na shule chache. Wazazi wa Rufiji walikuwa na vyuo vyao vya Qur'ani, ambavyo viliwalea watoto katika adabu na kusoma, lakini havikuwafungulia mlango wa ofisi wala hospitali. Nchi huru ilikuwa ikiwatafuta makarani, wauguzi na mabwana shamba, na watoto wa bondeni hawakuwa na njia ya kufika huko.

Hivyo basi, vipaumbele vya jimbo vilijulikana bila kuhitaji mtaalamu: njia ya kuvuka, barabara isiyokatika, mahali pa kutibiwa, shule, na kinga ya njaa mto unapoharibika. Mbunge yeyote wa Rufiji aliyeomba kurudi mwaka 1965 alipaswa kuyakuta mambo hayo matano yakimngoja jukwaani. Na miaka mitatu tu baada ya uchaguzi ule, mafuriko makubwa ya 1968 yalilikumba bonde, serikali ikawahamisha watu kutoka bondeni kwenda kwenye miinuko. Hofu za wananchi hazikuwa za kubuni.

Mtu mmoja, mizigo miwili

Tuupime upande wa mgombea pia, kwa insafu. Bibi Titi aliishi Dar es Salaam. Tangu mwaka 1962 aliuongoza Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, chombo kilichopaswa kuwa na matawi kila wilaya. Alikuwa na wadhifa serikalini. Alialikwa nchi za nje kuwasemea wanawake wa Afrika. Mwanamke wa Bukoba alimwita wake, wa Tanga alimwita wake, wa Lindi vile vile. Lakini mwanamke wa Utete aliyekuwa akingoja kivuko na mtoto mwenye homa mgongoni alikuwa na haki ambayo hao wengine hawakuwa nayo: kura yake ndiyo iliyompeleka bungeni.

Hapa ndipo ulipo uzito wa kisa hiki. Utumishi wa taifa na utumishi wa jimbo ni amana mbili, na moja hailipi deni la nyingine. Mtu anaweza kuwa mkubwa katika historia ya nchi, na bado mwananchi wa kijijini akawa na haki ya kumwuliza kuhusu barabara ya kijijini. Swali hilo si utovu wa shukrani. Shukrani kwa aliyeleta uhuru ni wajibu wetu sote, na tunailipa kwa dua, kwa heshima na kwa kuliweka jina lake hai. Kiti cha ubunge hakiwezi kuwa malipo yake, kwani kiti ni mali ya wanaowakilishwa.

Kwa upande mwingine, kura ya Rufiji ilikuwa na gharama yake. Nchi ilimpoteza bungeni mwanamke ambaye hakuwa na mfano. Sauti za wanawake katika Bunge la wakati ule zilikuwa chache mno, na miongoni mwao mwanamke wa Kiislamu wa Pwani aliyetoka katika vikundi vya ngoma alikuwa johari. Wapigakura walitumia haki yao, na haki hiyo iliacha pengo. Yote mawili ni kweli, na mwenye kuwafundisha watoto siasa awafundishe yote mawili.

Ukurasa uliofuata katika maisha yake ulikuwa mzito zaidi. Azimio la Arusha la 1967 lilipowakataza viongozi kumiliki nyumba za kupangisha, alijiuzulu katika uongozi wa juu wa chama. Mwaka 1969 alikamatwa kwa tuhuma za uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, kisha akaachiwa mwaka 1972 kwa msamaha wa Rais. Aliishi miaka mingi kimya, kisha nchi ikaanza kumkumbuka tena kama shujaa wa uhuru. Alifariki dunia Novemba 2000. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Amana inayorudi mezani

Dini yetu haikutuacha gizani katika jambo hili. Qur'ani Tukufu imetuamuru tuzifikishe amana kwa wanaostahiki. Mtume wetu (SAW) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Na alijizuia kuwapa madaraka wale walioyapupia. Nabii Yusuf (AS), alipojitolea kusimamia hazina za Misri, alijieleza kwa sifa mbili tu, kwamba yeye ni mlinzi mwaminifu na ni mjuzi. Hakutaja ukoo wake, ingawa alikuwa mwana wa Mtume, mjukuu wa Mtume. Alitaja yale ambayo kazi ile iliyahitaji.

Kutokana na mwanga huo, na kutokana na mizani ya 1965, tunapendekeza familia zijiulize maswali manne mbunge anapokuja kuomba arudishwe.

La kwanza ni asili yake, kwa maana ya malezi na kazi, si ya kabila. Amewahi kutumikia watu kabla ya kuwa na cheo? Bibi Titi alikuwa na jibu zuri kabisa hapa, nasi tunapaswa kulidai jibu kama hilo kwa kila anayesimama.

La pili ni hesabu ya miaka mitano iliyopita. Miaka mitano iliyopita aliahidi nini, na kipi kimeonekana? Anayeomba mara ya kwanza tunampima kwa ahadi, lakini anayeomba kurudi tunampima kwa kumbukumbu. Wazee wanaokaa barazani ni daftari zuri, waulizwe. Wanawake wanaochota maji na kupeleka watoto kliniki ni daftari zuri zaidi. Nao waulizwe, na majibu yao yahesabiwe nyumbani sawa na ya wanaume.

La tatu ni vipaumbele. Je, anayajua mambo matatu au manne yanayowaumiza watu wa hapa, na anaweza kuyataja bila kusomewa? Mgombea anayeahidi kila kitu hana kipaumbele hata kimoja. Mbunge hajengi daraja kwa mkono wake. Kazi yake ni kuisimamia serikali, kupitisha bajeti na kusema mpaka asikike. Tumwulize ameyasemea mangapi ya kwetu.

La nne ni njia anayoombea kura. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vya sheria vilivyohalalisha takrima, zile zawadi za mgombea kwa wapigakura zilizovikwa joho la ukarimu. Muislamu hakuhitaji kuingoja mahakama, kwani rushwa imelaaniwa kwa mtoaji na mpokeaji. Kanga na kilo ya sukari huisha ndani ya wiki, na mbunge hubaki miaka mitano. Vivyo hivyo kwa anayekuja na udini mdomoni. Akituambia tumchague kwa sababu anaswali nasi, tumwombee swala zake zikubaliwe, kisha tumrudishe kwenye swali la pili na la tatu.

Daraja lilichelewa

Watu wa Rufiji walingoja sana. Daraja juu ya mto, pale Ndundu, lilifunguliwa mwaka 2003. Ilikuwa imepita miaka 38 tangu kura ile ya jembe na nyumba, na miaka mitatu tangu Bibi Titi azikwe. Lina urefu unaokaribia kilomita moja na limepewa jina la Rais Mkapa. Leo mtu wa Lindi au Mtwara hulivuka ndani ya basi, pengine amelala, asijue kwamba hapo chini watu walilala siku mbili wakingoja kivuko.

Katikati ya Dar es Salaam nako ipo Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ambayo maelfu hupita kila siku. Mtoto wako akiuliza huyu alikuwa nani, mweleze kwamba ni mama aliyeletwa na ngoma katika siasa, akawaleta wanawake 5,000 katika harakati za uhuru ndani ya miezi michache. Mweleze pia kwamba siku moja alisimama mbele ya wakulima wa mpunga wa Rufiji, akaulizwa kama anavyoulizwa mwingine yeyote, nao wakaamua. Wasichana wengi hawajawahi kuambiwa sehemu ya kwanza, na wanasiasa wengi wamesahau ya pili.